Fimbo Zenye Vichwa Vyekundu

Mimi siwezi kukaa. Si kiburi, ni miguu. Mwalimu wetu wa hesabu alinihamisha kutoka mbele hadi nyuma, kutoka nyuma hadi karibu na mlango, na sasa amekata tamaa kabisa, ananituma chaki hata wakati chaki iko mezani. Niko kidato cha tatu, shule ya kutwa, na kama kungekuwa na mtihani wa kuzunguka bila sababu ningekuwa nimeshapita na kupewa barua ya chuo.

Nyumba yetu haisaidii. Tuko ghorofa ya tatu, hapa Kitengela, na sebule yetu ni ndogo kiasi kwamba ukilala kwenye kochi unaweza kuzima televisheni kwa kidole cha mguu. Nimejaribu. Inawezekana. Baba hufanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani Namanga na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mama ana kibanda cha nafaka sokoni, na Jumamosi ndiyo siku yake ya wateja wengi, kwa hiyo Jumamosi yote mimi naachiwa mdogo wangu wa miaka mitano. Huyo naye ugonjwa wangu wa miguu aliurithi kama ulivyo, bila kupunguziwa. Tukifungiwa ndani wawili, ifikapo mchana kuna kitu kimevunjika.

Ndiyo maana nilianza kumtoa. Mara ya kwanza nilikuwa nataka tu achoke alale, niangalie simu kwa amani. Tulipita jengo la mwisho la ghorofa, tukapita mahali pa kuoshea magari, duka la saruji, kanisa la mabati, hadi pale barabara inapochoka na kuwa njia ya ng'ombe. Mbele hapakuwa na kitu. Yaani kulikuwa na vitu, nyasi na miiba na punda milia wawili wakituangalia kama sisi ndio tumepotea, lakini hapakuwa na ukuta. Mdogo wangu alisimama, akanitazama, akauliza, "Naweza kukimbia mpaka wapi?"

Nikamwambia, "Mpaka uchoke."

Hakuchoka. Niliyechoka ni mimi, na nikarudi nyumbani nimetulia kama mtu aliyemeza dawa. Kuanzia hapo Jumamosi ikawa ni yetu. Baadaye akajiunga msichana wa miaka sita wa nyumba ya chini yetu. Mama yake anauza viatu vya mitumba, na nilipoenda kumwomba ruhusa hakuniacha nimalize.

"Mchukue," alisema. "Hata mkifika Tanzania sawa tu, mradi arudi amechoka."

Mama yangu hakuwa hivyo. Mama yangu, ukimwambia unaenda kutembea, anauliza kutembea kwa nani. Ukisema si kwa mtu, unatembea tu, anakuangalia kama umemwambia unaenda kupika mawe. Alivumilia kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia mtoto. Lakini kesi zilikuja.

Ya kwanza ilikuwa ya kichwa. Huko porini tulikuwa tukikutana na mama mmoja wa Kimaasai anayeleta maji kwa punda, na wajukuu wake walikuwa wakisalimia vile watoto wa Kimaasai husalimia wakubwa, unainamisha kichwa, mkubwa anaweka kiganja juu yake, imeisha. Wangu wawili wakaona, wakainama, naye akawagusa vichwa akacheka. Mdogo wangu aliipenda hiyo salamu kuliko pipi. Akaanza kuwainamia watu wote. Alimwinamia askari wa geti. Alimwinamia kijana wa kuuza maji. Halafu Jumapili moja wakati wa sadaka akamwinamia mzee wa kanisa aliyeshika kikapu, na kwa sababu yule mzee hakujua anatakiwa kufanya nini, mtoto akabaki pale ameinama, hasongi, na mstari mzima wa watoaji sadaka ukasimama nyuma yake hadi mlangoni. Mama alikuwa kwenye kwaya. Aliona yote akiwa juu, mdomo ukiimba na macho yakinitafuta mimi.

Ya pili ilikuwa ya fuvu la nyumbu. Sitaki kueleza sana. Niseme tu kwamba mwalimu wa chekechea alifungua mfuko wa mtoto atoe kitabu, akakuta pembe.

Baada ya hapo mama aliniketisha kwenye kiti cha plastiki, yeye akabaki amesimama.

"Sikiza, wewe msichana. Ya kwanza nilimeza. Ya pili nimemeza. Ya tatu simezi. Nikisikia kitu kingine, hata kidogo, kuhusu hawa watoto na huko porini, hiyo mambo yenu ya kutembea imeisha. Jumamosi utakaa na mimi sokoni uchague maharagwe. Na huyu ntamlipia mahali afungiwe na wenzake."

"Maharagwe, mama?"

"Na ndengu."

Mtu ambaye hajawahi kuchagua maharagwe siku nzima anaweza kudhani hiyo ni adhabu nyepesi. Unakaa. Mkono ndio unatembea, wewe unakaa. Na mdogo wangu, kumfungia kwenye chumba na watoto wengine na katuni, mimi nilijua angekuwa nini baada ya wiki tatu. Angekuwa mimi darasani. Kwa hiyo niliapa hakutakuwa na ya tatu.

Kutembea na watoto wadogo, kwanza, si kutembea. Ni kusimama mara nyingi. Mtu mzima anaona kilima anataka kufika juu. Mtoto anaona yule mdudu anayeviringisha mavi ya ng'ombe na safari yake imeshafika. Wakichuchumaa kumwangalia, mimi nilikuwa nawazunguka tu, duara baada ya duara, kama mbwa wa kuchunga mbuzi, nikisema twendeni, twendeni, na hakuna anayesikia. Msichana wa jirani alikuwa akiwapa wale wadudu moyo. "Sukuma, baba! Sukuma! Umebakisha kidogo!" Nadhani aliyasikia hayo kwa makondakta.

Tukazipa sehemu zote majina. Kulikuwa na Bonde la Mandazi, ambapo mfuko ulipasuka na tukala yakiwa na udongo. Kulikuwa na Kwa Mbuni Mwenye Wazimu, ambapo nilikimbizwa na mbuni mbele ya watoto niliokuwa nimewaambia siogopi kitu. Kulikuwa na Mti wa Redio, ile migunga yenye vinundu vyeusi vilivyotobolewa na sisimizi, upepo ukipita inapiga mluzi. Mdogo wangu alikuwa akiweka sikio na kutuambia habari za saa saba. Na kulikuwa na mahali petu pa kukojoa, kichakani nyuma ya kichuguu, penye jina ambalo siandiki hapa kwa sababu walimu nao husoma.

Mvua ikinyesha ilikuwa raha nyingine. Ule udongo mweusi wa huku haukubali uondoke. Unashika kiatu, unashika na udongo mwenzake, hatua chache tu umekuwa mrefu kuliko ulivyotoka nyumbani. Watoto walikuwa wakishindana nani amekuwa mrefu zaidi. Kisha ilikuwa kazi yangu kukwangua viatu vyote kwa kijiti kabla hatujafika kwenye ngazi, maana udongo kwenye ngazi ungehesabiwa kama ya tatu.

Sasa, fimbo. Likizo ya Aprili tulienda Ngong kumtembelea anti, dada yake mama, na watoto wote wawili walikuja. Tukiwa stendi tuliona kundi la watu wazima kutoka Nairobi wakijitayarisha kupanda milima. Walikuwa na kofia pana, chupa za maji zenye mrija, na kila mmoja alishika fimbo mbili za chuma, mkono huu na mkono huu. Mdogo wangu alinyamaza. Mtoto yule akinyamaza, jua kuna kitu kinapikwa. Tulipofika nyumbani akasema sisi tumekuwa tukitembea vibaya wakati wote huo, kwa sababu hatuna fimbo.

Kutafuta fimbo kwenye uwanda wa Kitengela ni shida. Mti upo, lakini ni miiba kutoka kichwa hadi mguu, ukiushika unakushika. Niliwaambia tutanunua. Hawakuniamini, na walikuwa sahihi. Jumamosi iliyofuata, mimi nikiwa juu ya kichuguu natafuta mtandao, wakaja mbio, kila mmoja na fimbo yake. Zilikuwa fupi, zimenyooka, zimechongwa ncha upande mmoja, na upande wa juu zimepakwa rangi nyekundu. Zinawafika kiunoni kabisa.

"Mmetoa wapi?"

"Ziko nyingi," alisema msichana wa jirani. "Zimepandwa."

Mdogo wangu akasema, "Nilimpata kobe, halafu fimbo ilikuwa karibu na yeye. Ni yake lakini hatumii."

Niliziangalia. Zilikuwa na namba za rangi nyeupe, na nilijua kuwa ni bikoni za ploti, vile vigingi vya kuonyesha mipaka ya viwanja, kila mtu Kitengela anazijua. Lakini pia kila mtu Kitengela anajua kwamba uwanda umejaa bikoni za kampuni zilizokufa, mchwa wamekula nusu, ng'ombe wamejikunia nusu nyingine. Kuna mabango yenye picha za majumba na bwawa la kuogelea, na nyuma ya bango ni mwiba mmoja na kinyesi cha punda milia. Mdogo wangu aliwahi kuzunguka bango moja mara tatu akitafuta hiyo nyumba. Kwa hiyo niliziangalia zile fimbo, nikaona vile walivyosimama, fimbo mkononi kama wale watu wa Nairobi, nikasema sawa. Twendeni.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo inabidi nilieleze. Mtu hanunui ploti akitangaza. Ananunua kimyakimya, kama msichana anayeficha mimba. Majirani hawaambiwi kwa sababu ni majirani. Mwenye nyumba haambiwi kwa sababu atapandisha kodi. Watoto hawaambiwi kwa sababu watoto husema. Unalipa, unalipa, miaka inapita, unavaa viatu vilevile, na siku ukimaliza ndiyo unawachukua watu wako unawapeleka bila kusema ni wapi, na pasta anakuja kuombea.

Kwa hiyo mama aliposema Jumapili baada ya ibada kwamba tubadilishe nguo, tuvae viatu vya kufunika, tunaenda kutembea mahali, mimi nilidhani ni matanga. Anti alikuwa amekuja kutoka Ngong amevaa vizuri sana, na pasta alikuwa chini akingoja na gari lake. Mdogo wangu alisikia neno moja tu katika hayo yote, nalo ni kutembea. Alipotoka chumbani alikuwa anatembea mguu mmoja umekakamaa kama mtu aliyefungwa plasta.

"Una nini?" nikamuuliza kwenye ngazi.

"Mguu umelala."

Tulienda na lami kuelekea Isinya, mbali, halafu tukakata kwenye barabara ya murramu, tukazunguka, tukazunguka tena. Mama alikuwa mbele, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Mimi nyuma nilikuwa nimebanwa kati ya anti na ule mguu uliolala, na miguu yangu mwenyewe ilikuwa karibu kutoboa gari. Mwishowe tukasimama mahali penye kijana wa kampuni ya kuuza ardhi, viatu vyenye ncha, fulana yenye nembo. Nikashuka. Nikajinyoosha. Nikaona Mti wa Redio.

Kuona mahali pako kutoka upande wa nyuma ni kama kukutana na mwalimu wako sokoni akinunua sukuma wiki. Unamjua, lakini akili inakataa. Niligeuka nikaona kichuguu. Nikaona Bonde la Mandazi. 

"Watoto wangu," mama alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku. "Sijawaambia kwa sababu nilitaka kwanza niimalize. Hapa ndipo kwetu. Hatutalipa kodi maisha yote."

Anti akapiga kigelegele kikatisha ndege. Mimi nilimkumbatia mama, na nilimaanisha. Lakini juu ya bega lake nilikuwa namwona yule kijana wa kampuni akipitapita kwenye nyasi, akiinama, akiinuka, akijikuna kichwa.

"Yako ni kumi na saba, mama," alisema. "Kumi na sita hii hapa, imelala kidogo. Kumi na saba inafaa kuwa... ngoja kwanza."

Baada ya kumi na sita hakukuwa na kitu hadi ishirini na moja. Yule kijana akapiga hatua, akasimama, akarudi, akapiga hatua nyingine ndefu zaidi, halafu akagonga ardhi kwa kisigino na kusema kwa sauti ya mtu anayejua, "Ni hapa. Kabisa kabisa. Pasta, unaweza kuendelea."

Mama akapiga magoti hapohapo, na nguo yake nzuri. Anti naye. Pasta akatoa kichupa cha mafuta, akafumba macho, akaanza. Aliombea kisima. Aliombea paa. Aliombea mpaka wa kaskazini na mpaka wa kusini, usiguswe na mkono wa adui. Hapo ndipo nikafungua jicho moja.

Mdogo wangu alikuwa amechoka kusimama na mguu wa mbao. Alikuwa amechomoa fimbo kutoka ndani ya suruali, ameisimamisha mbele yake, na ameiegemea kwa mikono miwili, kichwa kimeinama kwa heshima zote. Kichwa chekundu. Namba nyeupe ilikuwa inaniangalia mimi. Moja, saba.

Sijawahi kusali kwa bidii kama dakika ile. Niliona maharagwe. Niliona ndengu, gunia zima. Nikanyoosha mguu polepole, nikaigusa ile fimbo kwa ncha ya kiatu, nikanong'ona, "Ficha."

"Aa-aa."

"Ficha nakuambia."

"Siwezi kuificha tena!" akasema, si kwa kunong'ona. "Inaniumiza mapaja!"

Pasta akakatiza sala. Anti, ambaye alikuwa mbali rohoni, akasema amina kwa nguvu. Yule kijana wa kampuni akafungua macho na kuruka kama amekanyaga siafu.

"Hiyo ndiyo bikoni yetu!"

Mama aliinuka. Akaichukua fimbo, akaisoma, akamwangalia mtoto.

"Umetoa wapi hii?"

Yeye hajui kudanganya, bado sijamfundisha. "Si hapa," alisema. "Kule. Kwa kobe. Mama, hapa mmeombea mahali si penyewe."

Ndipo mama akanigeukia mimi. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kushika. Alisema tu, "Ya tatu."

Kijana wa kampuni alijaribu kutuliza mambo. Alisema hiyo ni kawaida, ng'ombe hung'oa kila siku, Jumanne mpima ardhi anakuja na mashine yake na kila kitu kitarudi mahali pake, hakuna kilichopotea. Mama hakuwa anasikia.

"Sasa mimi nimepigia magoti shamba ya nani?"

"Hiyo pia Jumanne tutajua, mama."

"Twende huko kwa kobe," mama akasema.

Basi tukaenda. Mbele mdogo wangu amerudishiwa fimbo yake, nyuma yake mama na viatu vya kanisa, nyuma yake anti, pasta na kichupa cha mafuta, kijana wa kampuni, na mimi nikizunguka pembeni kwa sababu sikuweza kutembea kwa mstari. Mvua ilikuwa imenyesha Ijumaa. Baada ya muda mfupi wote walikuwa warefu. Anti akasema Ngong hakuna upuuzi kama huu. Mdogo wangu akapita kichaka kimoja, akapita kingine, akasimama, akaangalia chini.

"Alikuwa hapa."

"Nani?"

"Kobe."

"Na yuko wapi?" mama akauliza.

Mtoto aliinua mabega, ameumizwa kweli. "Amehama."

Pasta akageuka upande mwingine na mabega yake yakaanza kutikisika. Kijana wa kampuni akacheka waziwazi, na anti naye akaanza. Mama peke yake hakucheka. Alikaa kwenye jiwe, akavua kiatu kimoja, akakiangalia. Kilikuwa na ukubwa wa mkate.

"Na mlifikaje huku?" aliniuliza bila kuinua macho. "Nani aliwaleta na gari?"

"Hakuna gari. Tulitembea."

"Kutoka wapi?"

"Nyumbani."

"Usinidanganye, nimechoka."

"Mama, nyumbani ni pale."

Nikamwonyesha. Unapita Mti wa Redio kwa macho, unashuka bondeni, unapanda, na pale juu kuna kanisa la mabati, na nyuma yake ghorofa letu, lile la rangi ya machungwa, linaonekana vizuri kabisa. Mama alisimama na kiatu mkononi. Aliangalia muda mrefu. Miaka yote aliyokuwa akilipa, kampuni ilikuwa ikimchukua na gari lake, kwa lami, kwa murramu, kuzunguka, na kila mara alidhani amenunua mbali, mwisho wa dunia, mahali tutahamia siku moja na kuanza kujifunza. Kumbe ilikuwa nyuma ya nguo alizokuwa akianika.

"Pasta," akasema, "naomba urudi na dada yangu. Sisi tutakuja."

Anti alisema mama ameingiwa na kitu.  Mama akavua na kile kiatu kingine.

Nilijua ananichukua huko kunimaliza vizuri bila mashahidi. Lakini tulitembea kwanza, yeye miguu mitupu kwenye udongo, anatembea haraka, haraka kuliko mimi. Sikuwa najua mama yangu anaweza kutembea. Nimemjua akisimama kwenye kibanda, akikaa kwenye gunia, akipanda ngazi akishika kiuno.

"Unajua mimi nilitembea kiasi gani nikiwa kama huyu?" alisema ghafla. "Maji. Asubuhi kabla ya shule, mpaka mtoni, na mto wenyewe hauna maji, unachimba mchanga, unangoja yajae kwa kikombe. Halafu unarudi nayo kwa kichwa. Kila siku ya Mungu. Nilikuwa nikisema, nikikua, nitakaa mahali maji inakuja kwa paipu, na mtoto wangu hatajua njia ya mguu." Akapumua. "Halafu naambiwa wangu wanatoka nje kwenda kutembea kwa raha. Raha! Nikajiuliza, huyu msichana ananicheka?"

  Nikasema tu, "Sikuwa najua, mama."

"Ungejuaje? Sikukuambia."

Mdogo wangu hakuwa na habari na mazungumzo yetu. Alikuwa anamwonyesha mama nyumba yake. Hapa ni Bonde la Mandazi. Hapa dada alikimbizwa na mbuni akalia. Sikulia, nikasema. Ulilia kidogo, akasema. Mama akauliza mbuni alikuwa mkubwa namna gani, na nilivyoeleza nikaona kona ya mdomo wake inakataa kununa. Tulipofika kwenye migunga, mtoto akamwambia aweke sikio asikie habari. Mama hakuweka sikio. Alipeleka mkono katikati ya miiba bila hata kuangalia, akabandua kidonge cha utomvu kwenye gamba, rangi ya asali, akatia mdomoni, akaanza kutafuna. Alifanya hivyo kama mtu anayejikuna. Halafu akatuona tunamwangalia.

"Nini? Tulikuwa tunakula hii njia yote." Akabandua kingine akampa mtoto. "Tafuna, usimeze."

Nikasema na mimi nataka. Akanipa.

Hakubadilika kuwa malaika. Alilalamika mwiba, akalalamika jua, na mara mbili aliuliza tumebakisha mbali, kwa sauti ileile ya msichana wa jirani akichoka. Tulipofika pale njia ya ng'ombe inapokuwa barabara tena, alisimama, akachukua fimbo kutoka kwa mtoto, akaanza kukwangua udongo miguuni. Nilingoja. Miguu yangu ilikuwa inacheza peke yake.

"Simama vizuri, unanipa kizunguzungu," alisema. "Jumamosi mtaenda."

Mdogo wangu aliruka. Mimi sikuruka, kwa sababu namjua mama.

"Lakini kila wiki mtapita kwa ploti yangu. Muangalie kama mtu amemwaga mawe, kama mtu amechimba, kama mtu ameweka hata kijiti ambacho si chetu. Mnipigie picha, mnitumie. Na hakuna mtu kurudi kwangu na kitu kutoka huko. Hata jani."

"Na maharagwe?"

"Maharagwe iko. Usinijaribu."

Jumanne mpima ardhi alikuja na mashine yake. Ploti ya mama haikuwa pale palipoombewa, na haikuwa pale mdogo wangu aliposema ni kwa kobe pia. Ilikuwa nyuma ya kichuguu, mahali petu pa kukojoa, kabisa katikati. Hiyo sijamwambia. Ile iliyopakwa mafuta ni ya mtu mwingine, sijui ni nani, lakini akichimba kisima apate maji atushukuru. Bikoni mpya ni ya chuma na imemwagiwa zege, na watoto wameijaribu, haitoki.

Kwa hiyo nimekuwa askari wa ploti, mimi niliyetoka nyumbani nikikimbia kazi. Kila Jumamosi tunafika, tunakagua, nawapiga picha watoto wakiwa wamesimama mbele ya bikoni kama wanasiasa, na mama anajibu akiwa sokoni. Mara nyingi anajibu "sawa". Wiki iliyopita alijibu, "Hiyo seng'enge nyuma yenu ni ya nani?" Ni kweli, kulikuwa na nguzo mpya, mstari mrefu, na waya ulikuwa umefika karibu na Mti wa Redio. Mwezi uliopita hazikuwepo. Na mama naye ameshaanza kuuliza bei ya nguzo. Nikawaza juu ya hilo, kisha nikaamua kutowaza.

Msichana wa jirani alikuwa amepanda juu ya kichuguu, anaangalia mbele, upande ambao hatujawahi kufika, pale ardhi inapoinuka kidogo na twiga watatu walikuwa wanapita bila haraka.

"Kule ni kwa nani?" akauliza.

"Sijui," nikasema, na tayari nilikuwa nafunga kamba za viatu. "Twendeni kabla hajaweka waya."